Uliza Tukujibu: Mchumba mgeni anataka biashara iandikwe kwa jina langu

Swali: Habari za kazi. Mimi niko Moshi, mchumba wangu ni Mjerumani, aliingia na visa ya utalii ya dola 50. Ni fundi mzuri sana wa simu na laptop, anataka tufungue duka la kutengeneza simu halafu baadae awe anapeleka wageni mlimani. Amesema leseni niandike jina langu maana tutaoana tu mwakani, mtaji ni wake. Kuna shida?

Jibu: Dada yangu shida ipo, tena ipo zaidi kwako kuliko unavyodhani. Tangu Julai 2025 kuna amri ya serikali inayokataza asiye raia kufanya biashara 15, na kati ya hizo kutengeneza simu na vifaa vya elektroniki imo, kuongoza watalii imo, yaani mchumba wako amechagua mbili zote za kwenye orodha! Kuna pia uwakala wa pesa kwa simu, saluni (labda iwe ya hotelini au ya utalii), udalali wa nyumba, kununua mazao shambani, na kadhalika. Mgeni akikamatwa faini haipungui milioni 10 au jela mpaka miezi 6, na visa na kibali cha kuishi vinafutwa. Sasa sikiliza hapa, Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake, milioni 5 au miezi mitatu ndani. Hilo jina lako kwenye leseni ndo ushahidi wenyewe, na siku mkigombana ndo utajua TRA wanamdai nani.

Na hiyo visa ya utalii ni ya kutembea. Hata ile visa ya biashara ya dola 250 ni ya kuja kwa shughuli ya muda mfupi, isiyozidi siku 90, mtu hafungui nayo duka. Anayetaka kukaa na kuendesha biashara yake anahitaji vibali viwili, watu wengi wanajua kimoja tu: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi daraja A kutoka Uhamiaji, na kabla ya hapo kampuni iwe imeshasajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), na TIN, namba ya mlipakodi, ipo. Akitaka cheti cha mwekezaji anaenda TISEZA, mamlaka ya uwekezaji, ndo ile TIC (kituo cha uwekezaji) ya zamani iliyounganishwa na EPZA (mamlaka ya maeneo ya uzalishaji wa kuuza nje).

Ndoa? Hongereni, ila ndoa haimfanyi raia. Mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania sheria ya uraia ya 1995 imemwekea njia yake ya kuomba, mwanaume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo (ndio, na sisi tunaona haijakaa sawa). Na ndoa peke yake haimruhusu kufanya kazi.

Kama kweli ana mtaji, kaeni mfikirie kitu kisichokuwa kwenye ile orodha, nyumba ya wageni kwa mfano, au mgahawa, hapo Moshi wageni hawakosekani. Ila kiwanja akisema kiandikwe jina lake mwambie haiwezekani, mgeni hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa ya uwekezaji, nayo anapewa haki inayotokana tu (haki ya kuitumia, hati inabaki kwa mamlaka) kupitia mamlaka ya uwekezaji. Na duka la simu ukilitaka wewe mwenyewe, lako kweli, hela yako na fundi Mtanzania, hakuna wa kukuuliza.

Swali: Nina fremu Kariakoo nimempangisha mgeni anauza mikoba jumla na rejareja, leseni yake ni ya kabla ya hiyo amri. Nimfukuze?

Jibu: Biashara ya jumla na rejareja nayo imo kwenye ile orodha, ila usimfukuze kwanza kaka, mwombe leseni uisome tarehe. Waliokuwa na leseni halali waliachwa waendelee mpaka ziishe muda, haziongezwi. Kama bado ina miezi chukua kodi ya hiyo miezi tu, usipokee ya mwaka mzima, na kama imeshaisha na mlango bado uko wazi basi mpe notisi leo hii kwa maandishi na nakala ubaki nayo.