Bodi ya ushauri bila wenye ulemavu?

Umeuliza kama bodi ya ushauri ya kozi ya ulemavu na ujumuishi chuoni inaweza kuwa ya wahadhiri na waajiri pekee. Hapana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 4(3), unazitaka serikali zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu, kupitia mashirika yao, katika maamuzi yanayowahusu. Kwangu mimi, mtaala wa kumwandaa mwalimu wa kesho ni uamuzi wa aina hiyo hasa.

Kiti kimoja hakitoshi. Kiziwi hawezi kumsemea asiyeona, wala mzazi hachukui nafasi ya mwenye ulemavu wa akili (na huyu ndiye husahaulika mno). Walipeni kama mtaalamu mwingine yeyote. Nyaraka ziende mapema, kwa breli au lugha rahisi, na mkalimani wa lugha ya alama awepo. Zaidi ya yote, waiteni kabla rasimu haijakamilika, kisha muwaeleze ushauri upi ulifuatwa, upi uliachwa, na kwa nini.