Mwalimu kaniambia nisiruke

SWALI: Shikamoo Bibi. Nasoma Edinburgh, na sasa nimejiunga na darasa la dansi ya hatua ya wanawake wa Uskoti, ile ya kucheza mtu peke yake. Mimi nilizoea kutazama mashindano: panga mbili chini, kilti (ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti), mikono juu, watu wanaruka. Nikaruka. Mwalimu akanisimamisha mara tatu: "Chini, chini!" Kwani si dansi ileile? Na kilti ninunue? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo ni ndugu, lakini hazikulelewa nyumba moja. Ile ya panga ilianza kama uwanja wa wanaume. Hii yako imepitia kwa walimu wa dansi wa karne ya 19, waliokwenda kijiji hadi kijiji wakifundisha. Kijana mmoja wa Alford, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, Frederick Hill, aliandika dansi zake kwenye daftari mwaka 1841; nyingine zingepotea kama watafiti wa dansi Tom na Joan Flett wasingewafuata wazee na kuwauliza miguu ilikuwa ikienda wapi.

Nami nilirukaruka nilipoanza, tena goti likiwa limeshaanza kulalamika. Dawa yangu ilikuwa kioo kidogo cha ukutani, kinachoonyesha uso na mabega tu. Piga hatua zako mbele yake. Kichwa kikipanda na kushuka kama boya, umezidisha. Kazi yote iko kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini: vidole vya mguu vimenyooshwa, mguu unafagia sakafu na kurudi pale pale, huku juu umetulia kama hujui kinachoendelea. Usidanganyike, mashavu ya miguu yatakuwaka moto.

Kilti acha. Hata kwenye mashindano ya michezo ya jadi ya Aboyne, huko Uskoti, tangu miaka ya 1950, wanawake waliwekewa vazi lao. Vaa sketi pana, uishike pembeni kwa ncha za vidole. Ukiikamata kwa ngumi utaonekana unavuka dimbwi. Viatu ni vile laini vya ngozi, vya kufunga kamba, visivyo na kisigino. Chukua vya kubana kidogo kwa sababu ngozi hutanuka.

Mwombe mwalimu akuanzishie dansi iitwayo Flora MacDonald's Fancy. Imebeba jina la yule mwanamke aliyemvusha mwanamfalme Charles Edward Stuart hadi kisiwa cha Skye mwaka 1746 akiwakimbia maadui, mwanamfalme mwenyewe akiwa amevikwa nguo za mtumishi wa kike. Huchezwa kwa strathspey, mdundo wa taratibu, na hapo ndipo pabaya: kosa halina pa kujificha.