Tochi tatu, karatasi nyeupe na kitenge: jinsi mwanga wa rangi unavyochanganyika

Fundi rangi anajua kwamba akimwaga nyekundu kwenye kopo la kijani atapata kahawia iliyochafuka. Mwanga hauendi hivyo. Elekeza mwanga mwekundu na wa kijani mahali pamoja na patageuka njano, njano inayong'aa kuliko kila mmoja peke yake. Rangi ya kopo humeza sehemu ya mwanga, kwa hiyo kila unayoongeza hupunguza kinachorudi machoni. Tochi huongeza tu. Walimu wengi huanza somo hili kwa rangi za maji, na hapo ndipo wanafunzi wanapopotea. Anza na tochi.

Tafuta tochi 3 za LED zinazofanana, zote zikiwa na chaji kamili, karatasi za plastiki za kufungia zawadi (nyekundu, kijani na bluu), mipira ya kufungia, karatasi nyeupe ya A4 na penseli. Subiri saa mbili usiku, giza liwe limeingia sawasawa. Usitumie ukuta mtupu. Kuta nyingi za Dodoma, hata zilizopakwa chokaa, zimeshika vumbi jekundu, na vumbi hilo humeza bluu, basi weupe unaoutafuta utaelekea rangi ya chungwa. Bandika karatasi.

Kosa la kwanza huwa kwenye plastiki. Plastiki ya zawadi huvujisha rangi nyingine za mwanga, hasa ya bluu, ambayo tabaka moja hupitisha karibu kila kitu. Funga kila tochi mdomoni kwa plastiki ya rangi yake na mpira, ukianza na tabaka 1 la nyekundu, 2 za kijani na 3 za bluu, kisha pima kwa vitu vya sokoni. Nyanya iliyoiva chini ya mwanga wa kijani inapaswa kuonekana karibu nyeusi, kwa sababu ngozi yake hurudisha nyekundu na hapo nyekundu haipo. Ikibaki na wekundu, ongeza tabaka. Bluu ipime kwa ndizi mbivu, nayo inapaswa kufifia na kuwa nyeusi. Nyekundu ipime kwa jani la mchicha.

Sasa panga tochi kwa mstari, sentimita 20 kati ya moja na nyingine, mita 1 kutoka kwenye karatasi, zote zikilenga katikati. Mwanzoni hutapata nyeupe. Ukiona uwaridi, kijani ni dhaifu. Ukiona njano, bluu ni dhaifu, na mara nyingi ni bluu kwa sababu ya tabaka zake. Usihangaike na betri, sogeza tochi. Umbali ukipungua kutoka mita 1 hadi nusu mita, mwanga unaofika huwa mara 4, kwa hiyo sogeza kidogo kidogo.

Weupe ukitulia, simamisha penseli sentimita 10 mbele ya karatasi. Vitatokea vivuli vitatu, na hakuna kilicho cheusi: kimoja samawati, kimoja njano, kimoja waridi iliyokolea ambayo wachapishaji huiita majenta. Kivuli cha samawati ni mahali ambapo tochi nyekundu imezibwa, zikabaki kijani na bluu. Isogeze penseli hadi sentimita 1, vivuli vitapandana na weusi utajitokeza katikati. Mwache mtoto aigundue sehemu hii mwenyewe kabla hujamweleza.

Njano ile haipo kwenye karatasi. Retina, utando wa nyuma ya jicho, ina aina tatu za seli za koni zinazotambua rangi: moja huitikia zaidi mawimbi mafupi ya mwanga ya takriban nanomita 420 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), nyingine takriban 530, na ya tatu takriban 560. Ubongo hupokea viwango vitatu tu na kuvilinganisha. Mwanga halisi wa njano huziamsha koni mbili za mwisho pamoja, na nyekundu na kijani kwa pamoja hufanya vivyo hivyo. Sikio hutenganisha sauti mbili zinazolia pamoja. Jicho halina uwezo huo kwa mwanga. Ndiyo maana skrini ya simu haina taa ya njano na bado ndizi huonekana ndani yake.

Jicho hudanganyika, lakini nguo haidanganyiki. Zima taa jikoni, nyunyiza punje chache za chumvi kavu kwenye moto wa jiko la gesi. Sodiamu hutoa njano ya nanomita 589 karibu peke yake. Shika kitenge chenye nyekundu na kijani kwenye mwanga huo: rangi zake zitakufa, zibaki njano iliyofifia na weusi. Kipeleke chini ya njano ya tochi mbili, nyekundu na kijani zitarudi. (Kiweke mbali na moto, na mtu mzima awepo.)

Hapa ndipo sare za harusi zinapoharibika. Vitambaa viwili kutoka maduka tofauti, vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti, vinaweza kufanana chini ya taa ya dukani na kutofautiana juani. Katika Soko la Majengo, Dodoma, usilinganishe chini ya turubai la bluu. Turubai huchuja mwanga, na macho yako huzoea uchujaji huo ndani ya dakika chache hata usiutambue. Toka nje, kaa kivulini mwa ukuta dakika mbili ndipo uangalie. Jua kali la saa saba mchana linamulika mno na kupausha rangi machoni.

Kwa wapambaji wa kumbi: nyeupe iliyotengenezwa kwa taa nyekundu, kijani na bluu ina mapengo kati ya mawimbi yake, na ngozi za watu na vyakula mezani huonekana vibaya chini yake. Tumia taa za rangi kwa kuta na mapazia, na maharusi wamulikwe kwa taa nyeupe ya kawaida yenye joto la rangi (kipimo cha weupe wa taa, kutoka unaoelekea njano hadi unaoelekea bluu) la Kelvini 3000 hadi 4000. Kabla ya kulipia kitambaa, omba kipande cha sentimita 20 ukapime kwenye ukumbi wenyewe, taa zikiwa zimewashwa kama zitakavyokuwa siku hiyo.