Maswali ya Wasomaji: Mita 800 Zinanishinda Katikati

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 17 na ninashindana mita 800 mtindo huru katika bwawa la mita 50. Kila mara ninaanza nikiwa mbele, lakini nikishapita mita 300 mikono inakuwa mizito na wenzangu wananipita. Mara ya mwisho nilitumia dakika 10 na sekunde 40, na kila mita 100 zilikwenda hivi: 1:10, 1:13, 1:18, 1:22, 1:24, 1:25, 1:25 na 1:23. Baba anasema bingwa huongoza tangu mwanzo, kocha anasema nianze taratibu. Nimsikilize nani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuniandikia namba hizo, kwa sababu jibu limo ndani yake. Wastani wako ni 1:20 kwa kila mita 100, lakini za kwanza umeziogelea kwa 1:10, na baadaye ukateremka hadi 1:25. Kasi uliyoanza nayo haikuwa ya mita 800.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na ukinzani wake haupandi sawasawa na kasi bali hupanda kwa takriban mraba wake, kiasi kwamba muogeleaji anayeongeza kasi kwa asilimia 10 hulazimika kutoa nguvu zaidi kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo sekunde chache unazozipata mwanzoni unazinunua kwa bei ghali mno, na ukishachoka huna tena cha kuzirudishia. Naamini kwamba ukiziangalia video zako utaona kiwiko kikianza kulegea chini ya maji kuanzia mita ya 300, kiganja kikiteleza badala ya kuyashika maji, na idadi ya mikono unayopiga kwa urefu mmoja wa bwawa ikiongezeka ilhali kasi inapungua.

Baba yako hakukosea kabisa. Mmarekani Bobby Finke aliongoza fainali ya mita 1500 mjini Paris mwaka 2024 tangu mwanzo, akamaliza kwa 14:30.67 na kuivunja rekodi ya dunia ya 14:31.02 ambayo Sun Yang wa China aliiweka London mwaka 2012. Lakini wastani wake ulikuwa sekunde 29 hivi kwa kila mita 50, mara 30 mfululizo, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Huyo huyo Finke, katika fainali ya mita 800 ya Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, alikuwa wa nne zikiwa zimebaki mita 50 tu, huku Gregorio Paltrinieri wa Italia akiongoza. Akaziogelea mita hizo kwa sekunde 26.39, akashinda kwa 7:41.87 dhidi ya 7:42.11 za Paltrinieri. Ukae mbele au ukae nyuma, lililo muhimu ni kwamba kasi yako isiyumbe, na akiba ibaki kwa ajili ya mwisho.

Kwa hiyo mfuate kocha, ila neno "taratibu" lipewe namba. Mita 100 za kwanza ziwe 1:16, kwa kuwa kujirusha kutoka jukwaani hukupa faida bila kukuchosha. Sita zinazofuata ziwe 1:19 kila moja. Za mwisho utoe kila kilichobaki, hata zikiwa 1:18 tu. Jumla yake ni 10:28, yaani sekunde 12 pungufu ya muda wako wa sasa. Nakuonya mapema kwamba mita 200 za mwanzo zitakuudhi, kwa sababu utawaona wenzako wakienda nawe ukijihisi una nguvu tele. Vumilia hapo. Kazi ngumu kuliko zote iko kati ya mita 400 na 600, ambako kushikilia 1:19 ileile kutakudai juhudi kubwa zaidi kila unapogusa ukuta.

Mazoezini, mara moja kwa wiki, ogelea mita 100 mara nane, ukipumzika sekunde 20 kila baada ya moja, na zote nane zitoke kwa 1:19, huku ukihesabu mikono yako. Kabla ya kuambiwa muda, utaje wewe kwanza kwa kukisia, mpaka makisio yako yakaribiane na saa kwa sekunde moja. Mwombe baba asimame ukingoni akushikie hiyo saa.