Mfuniko ndo ulikuwa unauza

Dada wa siagi ya karanga hapo Kiborloni, umeuliza kwa nini mauzo yameshuka tangu ubadili lebo na mfuniko wakati karanga ni zile zile na bei hujagusa. Mi naona kosa liko kwenye mfuniko. Mteja akiingia dukani hasomi bana, anatafuta rangi, lile kopo lako la mfuniko mwekundu alikuwa analiona toka mlangoni, sasa umeweka mweupe limekaa katikati ya makopo meupe mengine hata mangi mwenye duka anapapasa shelfu, mteja anaona ya nini, anabeba lingine anaondoka.

Na sio wewe tu, hata wakubwa yamewakuta. Tropicana, wale wa juisi huko Marekani, mwaka 2009 walibadili boksi wakatoa lile chungwa lenye mrija watu walilozoea, mauzo yakaporomoka kama asilimia 20 ndani ya muda mfupi, wakarudisha la zamani fasta. Juisi ilikuwa ile ile!

Sasa usichapishe upya kila kitu utamaliza mtaji. Lebo mpya iache, ni nzuri (aliyekuchorea anajua kazi, kasahau tu kwamba duka la mangi lina taa moja), rudisha mfuniko mwekundu halafu kwa mwezi hivi bandika stika ndogo "ni ile ile ya Kiborloni". Na bei usishushe kabisa, watadhani umepunguza karanga.