Jaribio la kiti kinachozunguka: mbona kasi haipandi?

Jaribio lenyewe ni maarufu. Mtu anakaa kwenye kiti kinachozunguka, mikono ameinyoosha, kila mkono umeshika chuma cha mazoezi. Anasukumwa taratibu, anakunja mikono kifuani, kasi inapanda ghafla. Likikataa, usiilaumu kanuni. Chungulia chini ya kiti. Momenta ya mzunguko, yaani ugumu wa kitu kuzungushwa ukizidishwa kwa kasi yake ya kuzunguka, hubaki vilevile pale tu ambapo hakuna kitu cha nje kinachozuia au kuchochea mzunguko, na beringi kavu ni kitu cha nje.

Kipime kiti mtu akiwa amekaa. Kikiwa kitupu kitakudanganya: kitateleza vizuri, halafu kigande kikibeba uzito. Msukume kwa mwendo wa mzunguko mmoja kila sekunde 2, miguu juu, mikono imetulia. Kikisimama kabla ya mizunguko mitano, safisha beringi na utie grisi. Kiti cha ofisi kinahitaji magurudumu yake yafungwe au yang'olewe, la sivyo kitatangatanga. Sakafu nayo iwe sawa kabisa. Kiti kikiinama, uvutano utakuwa ukiongeza na kupunguza kasi ndani ya mzunguko uleule, na hutajua mikono imefanya nini.

Vyuma vya kilo 2 vinatosha. Kinachotakiwa ni umbali zaidi kuliko uzito, kwa sababu ugumu wa kitu kuzungushwa hufuata mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili. Vyuma viwili vikiwa sentimita 80 nje: 2 × 2 × 0.8² = 2.56. Vikivutwa hadi sentimita 20: 2 × 2 × 0.2² = 0.16. Ugumu wa mwili na kiti tuukadirie 2 (vipimo vyote hapa ni kilo mara mita za mraba). Jumla imeshuka kutoka 4.56 hadi 2.16, hivyo kasi inapanda mara 2.1. Mikono yenyewe pia inasogea ndani, kwa hiyo usishangae ukipata zaidi kidogo.

Kupima, bandika utepe mweupe ukingoni mwa kiti na urekodi kwa simu, fremu 30 kwa sekunde. Mzunguko wa sekunde 2 ni fremu 60. Baada ya kukunja utarajie kama 28. Hesabu mzunguko wa mwisho kabla ya kukunja na wa kwanza baada yake. Ukichelewa, msuguano utakuwa umeshakula sehemu ya jibu.

Wengi hukokotoa kasi mpya kwa kudhani nishati mwendo haibadiliki. Hapo watapata mara 1.45, na video itawaumbua. Nishati hiyo imeongezeka zaidi ya mara mbili, na imetoka kwenye misuli: kuvuta vyuma ndani wakati unazunguka ni kazi, na mikono inaisikia.

Mtego mwingine, mtamu zaidi: mzungukaji akiachia vyuma mikono ikiwa bado imenyooka, kasi yake itakuwaje? Wengi husema itapanda, maana mzigo umepungua. Haipandi. Kila chuma kinaondoka na momenta yake kwa mstari mnyoofu, kikigusa mduara kiliokuwa kikiuchora, na mtu anabaki na sehemu yake mwenyewe ileile, hivyo kasi yake haibadiliki. Hili lijaribu kwa vifuko vya mchanga, watazamaji wakiwa mbali.