Umechaguliwa Kusomea Theolojia? Mimi Nilisapu Kigiriki

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Shikamoo mchungaji. Nimepata chuo cha theolojia, naanza mwezi wa kumi. Mama anaogopa nitapoteza imani. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Ila mimi si mchungaji. Nina shahada ya theolojia na ninafundisha sekondari. Kwa nini sikubarikiwa uchungaji, utajua hapa chini.

Nilikwenda chuoni nikiwa mwinjilisti mwenye sauti na sifa zake. Biblia nilidhani naijua. Muhula wa kwanza tu, sapu ya Kigiriki, lugha ya Agano Jipya: nilifeli, ikabidi nirudie mtihani. Mkufunzi alinirudishia karatasi mbele ya darasa zima, akasema, "Wengine Mungu aliwaita kuimba kwaya." Miaka 11 imepita, na nikikaa kimya bado naisikia sauti yake.

Kosa langu lilikuwa madesa, zile notsi fupi za kukariri wanazopeana wanafunzi. Nilikariri luo, lueis, luei bila kujua nakariri nini. Likizo ile, nikiwa nyumbani napalilia mahindi, ndipo nikashtuka: mbona hawa wanasema kama sisi? Sisi tunasema "nafungua", neno moja, na mtendaji yumo humo humo. Mgiriki naye anasema luo, neno moja. Tofauti ni kwamba mtendaji wake kamweka mkiani, sisi tumemweka kichwani. Mwingereza ndiye anayehitaji maneno mawili. Nilirudi chuoni nikapata C, alama ya juu kabisa pale kwetu kwa mtu wa sapu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa Kigiriki ni cha Wazungu. Na achana na madesa.

Kilichonitikisa hasa ni Marko 16. Ule mstari wa 18, "watashika nyoka", nilikuwa nimeuhubiri mpaka watu wanaruka. Mwaka wa pili tukafundishwa kwamba nakala mbili za Biblia za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono karne ya 4, Sinaitiko na Vatikano, zinaikomesha Injili hiyo kwenye mstari wa 8: wanawake wanakimbia kutoka kaburini, wanaogopa, basi. Siku hiyo sikula chakula cha jioni. Nilihisi nimedanganywa tangu Sunday school, nikawakasirikia watu ambao wala hawakuwa na kosa.

Imani haikupotea, mwambie mama. Kilichopotea ni busara. Likizo iliyofuata nilipanda mimbarini usharikani kwetu nikayamwaga yote, Sinaitiko, Vatikano, na Kigiriki juu yake. Akina mama walikuwa wananitazama kama mtoto aliyevunja sufuria ya sherehe. Wazee wa kanisa waliniita ofisini, na barua ya udhamini haikuandikwa tena. Ada ya mwaka wa tatu nililipa kwa kuuza viazi. Walinionea? Naamini walinionea. Lakini pia nilihubiri ili nionekane nimesoma, na hilo nimechukua miaka kulikiri. Dada, ulichojifunza Jumanne usikihubiri Jumapili! Kaa nacho, kiombee, kisome tena.

Falsafa je? Wengi huikimbia, wanasema ni maneno ya bure. Mimi iliniokoa, kwa sababu ilinifundisha kubishana bila kugombana. Msome John Mbiti, Mkenya, kasisi wa Kianglikana. Katika kitabu chake cha 1969 alichukua maneno yetu wenyewe, Sasa na Zamani, akajenga hoja kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati huelekea zaidi nyuma, na wakati ujao wa mbali karibu haupo. Niliandika insha ya kumpinga. Bibi yangu alipanda miti ya mbao akiwa na miaka zaidi ya 70, akijua fika hataikata yeye. Kama huko si kufikiria wakati ujao, ni nini? Nilipata A, na msahihishaji alikuwa yule yule mkufunzi wa kwaya. Hakusema neno.

Ushauri mwingine sina, ni ule ule: soma andiko lenyewe kwanza, kisha wafafanuzi, madesa mwisho au usiyaguse kabisa. Kabla ya mwezi wa kumi zijue herufi za Kigiriki, ziko 24 tu; ukishika nne kwa siku, wiki haiishi. Na mama umpeleke siku moja akae nawe darasani, kama watamruhusu. Wangu hakuwahi kufika.